Miguu minane haikimbii kuliko miwili: tuelewane kuhusu Spore

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa kijana wa hapahapa Dodoma. Anacheza Spore, gemu ya kompyuta ambamo unaunda kiumbe na kumkuza hatua kwa hatua, kutoka seli majini hadi kabila na kuendelea. Kampa kiumbe wake miguu minane, midomo mitatu na pembe mpaka mkiani, halafu anauliza kwa nini kila jirani mwenye miguu miwili anampiga. Imani ni ileile: viungo vingi, nguvu nyingi. Hapana. Spore imekuwepo tangu 2008 na haijawahi kupiga hesabu hivyo katika hatua ya viumbe.

Kila uwezo una ngazi, 1 hadi 5. Upande wa vita kuna kuuma, kupiga, kuvamia na kutema sumu. Upande wa urafiki kuna kuimba, kucheza, kuvutia na kupozi. Gemu inatafuta kiungo chenye ngazi ya juu kabisa kwa uwezo husika, inakihesabu hicho kimoja, basi. Midomo mitatu yenye kuuma ngazi ya 2 inakupa 2, haikupi 6. Ni kama mwalimu anayechukua alama yako ya juu katika majaribio matatu: hajumlishi. Ukimpata jirani mwenye mdomo mmoja wa ngazi ya 4, anakuuma kuliko midomo yako yote.

Mbio nazo watu wanazitafuta pasipo na kitu. Zinatoka kwenye nyayo. Mguu wenyewe, yaani paja na muundi, ni pambo: uurefushe, uunenepeshe, uuzidishe mara nne, kasi ni ileile ya unyayo bora ulionao. Kinachobadilika ni mwendo unaouona kwenye skrini, kwa sababu gemu haina mwendo uliochorwa tayari kwa kila umbo. Inautunga kulingana na mwili ulioujenga, ndiyo maana hata kiumbe wa ajabu kabisa anatembea na mtu ukaamini. Kazi ile ni nzuri mno. Lakini ni ya macho, na macho ndiyo yanayodanganya watu.

Kosa hili lina chanzo, na ningependa wanaowacheka wanaoanza wakikumbuke. Katika hatua ya seli, mahali ulipoweka kiungo pana maana kweli. Mwiba unachoma pale ulipo. Ukiuweka mbele, anayekufuata nyuma anakutafuna. Mchezaji anatoka majini na somo hilo, anapanda nchi kavu, na hakuna anayemwambia kwamba kanuni imebadilika. Nchi kavu pembe ya kwenye paji la uso na pembe ya kwenye kisigino zina thamani moja.

Kiungo cha pili cha aina moja kina faida pale tu kinapoleta kitu ambacho huna. Mdomo wa majani pamoja na mdomo wa nyama unakufanya ule vyote viwili, na hapo hufi njaa ukikosa kimojawapo. Wengi wanaobadili mdomo kwa sababu ya ngazi ya kuuma wanasahau kuangalia unakula nini, kisha wanashangaa njaa inapanda wamezungukwa na matunda.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudi kwenye kiota, ita mwenza, ingia sehemu ya kuundia. Weka kishale juu ya kila kiungo usome ngazi zake, vyote, hata macho na mapambo. Kisichoongoza katika uwezo wowote, kiuze. DNA, ambayo ndiyo fedha ya gemu, uliyokinunulia inarudi. Kisha chagua upande. Anayetaka urafiki apandishe stadi nne za upande huo zote, kwa sababu mwenyeji akicheza na wewe hujui kucheza, mazungumzo yanakwama. Angalia pia kipimo cha wingi wa viungo: kikijaa, hata uwe na DNA tele huongezi kitu, na mapambo yanakula nafasi hiyohiyo. Viungo vipya vinatoka kwenye mifupa iliyotapakaa porini na kwa majirani unaowashinda au kuwafanya rafiki. Kusanya mapema. Ukishaingia hatua ya kabila mwili umefungwa, unabadilisha mavazi tu.

Nina shaka moja. Nikishamweleza mtu haya yote, mara nyingi anaacha kuunda na kuanza kupiga hesabu, na kiumbe wake anakuwa rundo la viungo vya ngazi ya 5. Mimi naisoma kanuni kinyume chake: umbo halikugharimu nguvu, kwa hiyo una uhuru kamili wa umbo. Mpe miguu minane ukipenda inavyotambaa. Na walimu wanaotaka kuitumia gemu hii kufundishia mageuzi ya viumbe, naomba wafikiri mara mbili: hapa mzazi anachagua na kununua mwili wa mtoto, na katika uteuzi asilia hakuna anayechagua.

Wanaotaka niwakagulie viumbe, tafadhali msinitumie kama picha ya WhatsApp. Kile kipicha cha PNG kilicho kwenye folda ya My Spore Creations ndicho kiumbe mwenyewe; taarifa zake zimefichwa ndani ya rangi za picha. Ikibanwa njiani, inabaki sura tupu isiyofunguka. Tuma kama faili, au weka kwenye flashi. Ni KB chache tu, haitamaliza bando la mtu, na mimi nitaiburuta ndani ya gemu nisome viungo kimoja kimoja.