Jina, miaka, kabila: hakimu mstaafu mbele ya maiki

Mpigaji simu wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa mlimani, upande wa Matombo nikikisia kwa lafudhi. Akasalimu, nikaitikia, kisha nikasema: "Haya mama, jina lako kamili, miaka, kabila, dini na kazi."

Simu ikakatika.

Binti anayetayarisha kipindi, ambaye ni wa rika la wajukuu zangu, alinitazama kupitia kioo cha studio, akaniambia kwenye hedifoni: "Babu, huyo hakuwa shahidi."

Nilikuwa nimekabidhi ofisi si zamani. Kwa zaidi ya miaka 30 katika mahakama za mwanzo, hakuna aliyefungua mdomo mbele yangu kabla ya kutaja hayo mambo matano, nami niliyaandika kwa mkono wangu kwenye jalada: fulani bin fulani, miaka 45, Mluguru, Mwislamu, mkulima, anathibitisha na kueleza. Ulimi ulikuwa umeshazoea njia yake.

Sasa ni mwaka wa nane naendesha kipindi cha mazungumzo kwenye redio ya jamii huku Morogoro: mirathi, ndoa, madeni, ugomvi wa majirani. Hunijia ujumbe wa walimu, wauguzi na mabwana shamba wanaokaribia miaka 55, ambapo mtumishi wa umma anaweza kuondoka kwa hiari, au 60, ambapo ataondoka apende asipende. Wanauliza kama nao wanaweza kuanza utangazaji katika umri huo. Huwajibu kwamba mitambo na sauti nilivijua ndani ya miezi mitatu. Kilichonichukua miaka ni kuuacha uhakimu.

Chukua jambo dogo kama kimya. Hakimu wa mahakama ya mwanzo huandika ushahidi kwa mkono. Shahidi akikimbia unainua kalamu, anangoja, unaandika, unampa ishara aendelee. Kule kimya maana yake kazi inaendelea. Nikaingia nacho studio. Mgeni anamaliza kusema, mimi nimeinamia karatasi naandika hoja zake, sekunde tano, sekunde nane. Lakini anayechambua mchicha nyumbani haoni kalamu yangu. Anachosikia ni redio iliyokufa, na stesheni ya muziki iko hapo jirani tu. Kipindi cha nne binti aliingia wakati wa tangazo, akaichukua kalamu, akatoka nayo. Ilinibidi nisikilize kwa masikio, jambo ambalo ningeapa kwamba nimelifanya maisha yangu yote. (Kipo kimya kimoja ninachokiacha mpaka leo. Mtu akisema "hapo ndipo mume wangu alipofariki," usimrukie kwa swali. Mwache avute pumzi. Msikilizaji naye anaivuta.)

Kuhusu mwili wa mtu mzima studioni sina mengi. Maiki ikae kama shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila "p" na "b" inapasuka. Miwani ya kusomea huigonga maiki ukiinama, kwa hiyo chapa maandishi kwa herufi kubwa na uyashike juu. Usibane karatasi kwa pini, maana kugeuza ukurasa kunasikika kama mvua kwenye bati. Na sisi ambao masikio yamechoka hupandisha sauti ya hedifoni mpaka inavuja na kurudi kwenye maiki. Mpigaji aliyeacha redio yake wazi pembeni huleta balaa kama hilo: sauti yake inamrudia kwa nyuma, anajikanyaga maneno, au mlio unazuka. Ndiyo maana watangazaji hawachoki kusema "punguza sauti ya redio yako."

Sasa nije kwenye taaluma. Redio inamtaka mtaalamu kwa sababu anajua majibu, na kujua majibu ndiko kunakomharibia kipindi. Mfano wangu wa kila siku ni msimamizi wa mirathi. Watu wengi wanaamini kwamba aliyeteuliwa na kikao cha ukoo na kuthibitishwa na mahakama amekuwa mwenye mali. Sivyo. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kuwagawia warithi, na kwa kanuni za mahakama za mwanzo anatakiwa kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Mwanzoni nilikuwa naeleza hivyo hivyo, kwa dakika moja na nusu, kwa sauti ya kusomea hukumu. Kwa wiki tatu simu ziliendelea kuuliza swali lile lile.

Wiki ya nne nilimwalika mzee aliyewahi kusimamia mirathi ya kaka yake, nikamuuliza kama mtu asiyejua kitu: "Kikao kilipokuchagua, ulidhani umepewa nini?" Akacheka. "Nilidhani nimepewa shamba." Kisha akasimulia jinsi alivyolima misimu miwili, jinsi shemeji yake alivyobeba watoto na kwenda mahakamani, jinsi alivyoitwa kutoa hesabu na hana hata daftari. Mimi nilisema sentensi zisizozidi kumi. Tangu siku ile sikuulizwa tena kama msimamizi ndiye mrithi. Wanaopiga sasa wanauliza wafanye nini msimamizi akikaa na mali mwaka mzima, na hilo ni swali la mtu aliyeelewa.

Huku kwetu mirathi ina pembe nyingine. Waluguru kwa asili hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hupita upande huo, kwa hiyo mpwa ana neno kwenye shamba la mjomba. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963, ambalo mahakimu tulilishika kama msahafu, liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Wapwa wakisimama upande mmoja wa mashina ya mdalasini na watoto wa marehemu upande wa pili, sina kitabu cha kuwasomea hewani nikamaliza. Naita wazee, naita mama mmoja wa ukoo, nauliza. Kwa kweli nimejifunza mila ya Kiluguru nikiwa mtangazaji kuliko nilivyokuwa hakimu, na hilo halinifurahishi sana.

Vifungu navyo vinasinzisha. Siku ya kueleza mgawanyo wa mali baada ya talaka nilianza na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, fundi mitambo akapiga mwayo hadharani. Wiki iliyofuata nikasimulia shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambamo mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Simu hazikupumua. Mwanaume mmoja alipiga kuuliza kama mahakama hiyo bado ipo.

Hatari iko kwenye simu za moja kwa moja. Redio ndogo kama yetu haina mtambo wa kuchelewesha matangazo. Neno likitoka limeshafika Mvuha. Kwa hiyo binti hupokea kila simu nje ya hewa kwanza, anauliza hoja ni nini, anaonya kwamba majina ya watu hayatajwi. Wapigaji ni watiifu sana. "Mimi simtaji mtu, mzee. Ila ni yule mwenye mashine ya kusaga pale njia panda, anayechechemea." Tarafa nzima imeshamjua! Na kisheria kashfa haihitaji jina, inatosha wanaosikia wamtambue anayesemwa. Kidole changu hakibanduki kwenye kitelezi cha simu, kile kinachozima sauti ya mpigaji. Shauri ambalo liko mahakamani nalo hatuligusi, hata mpigaji alie. Katika haya mawili, miaka yangu ya mahakamani imenifaa moja kwa moja.

Lipo la tatu. Mkoa wetu una wakulima na wafugaji wanaogombea maji na malisho, na watu wamekufa. Mpigaji akianza na "hawa watu, kabila lao..." namkata kabla hajafika mwisho wa sentensi. Kijana mmoja wa chumba cha habari aliona nazidisha. Nikamkumbusha Arusha, kwenye nchi yetu hii hii, ambako Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Rufaa ya 2007 ilikipunguza kifungo chake cha maisha kuwa miaka 30. Kijana alidhani redio ile ilizaliwa na mapanga mkononi. Ilianza 1993 na muziki mzuri, utani, na watangazaji wachangamfu ambao watu walipenda kuwasikiliza. Hajaniambia tena kwamba nazidisha.

Mwaka wa pili alipiga mwanaume mmoja, sauti ya utu uzima. "Shikamoo mheshimiwa." Nikaitikia. "Wewe ndiye uliyenichukulia ng'ombe wawili." Lilikuwa dai la deni, akalieleza, na kwa bahati mbaya nikalikumbuka. Mdomo ulikuwa tayari: ushahidi wa mdai ulikuwa mzito, yeye hakuleta hata shahidi mmoja. Nikaumeza. Nikauliza, "Ulikata rufaa?"

"Sikujua kama inaruhusiwa."

"Ulikuwa na siku 30 kwenda mahakama ya wilaya."

"Hukuniambia."

Nilimwambia. Najua nilimwambia, kwa sababu kila hukumu niliyoandika iliishia na maneno yale yale, "Haki ya rufaa imeelezwa," kisha sahihi na muhuri. Lakini nilikumbuka pia jinsi nilivyokuwa nayasema: kwa sauti ya kufunga jalada, macho yangu yakiwa kwenye shauri linalofuata, na mtu aliyeshindwa akiwa bado anatetemeka na kutafuta mlango ulipo. Nikamjibu hewani kwamba nilisema, ila sikusema ili asikie. Akanyamaza. Nikakiacha kile kimya. Akasema ng'ombe mmoja alikuwa na mimba, akakata simu.

Vipindi viwili vilivyofuata vilikuwa vya rufaa tu.

Kwa muda mrefu nilidhani wanawake hawana maswali, maana karibu wapigaji wote walikuwa wanaume. Tulikuwa hewani saa tatu usiku. Saa hizo redio iko mikononi mwa baba, na simu ya nyumba pia. Tukahamia Jumanne saa nane mchana, tukatoa namba ya kubipu: unabipu, unakata, redio inakupigia kwa gharama yake. Siku za gulio binti huzunguka na simu akirekodi maswali kwa akina mama waliopanga ndizi zao chini, ambao hawatapiga hata kwa kubipu. Hapo ndipo kipindi kilipopata maswali yake halisi.

Tuna pia vikundi vya kusikiliza, na hilo sikulibuni. Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 17 kijijini wakati wa Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa redio iliyoshirikisha watu wapatao milioni mbili nchi nzima. Tulikaa chini ya mwembe, redio juu ya kinu kilichopinduliwa, kiongozi wa kikundi na kijitabu chake. Kipindi kilikuwa kifupi, kisha redio inazimwa na sisi tunaanza kubishana nani hana choo. Baba yangu hakuwa nacho. Alichimba wiki ile ile, kwa hasira. Nikipanga kipindi huwa najiuliza watu watabishana nini baada ya kuzima redio. Nisipopata jibu, nabadilisha mada.

Mnaouliza posho: ni nauli na chai, tena si kila mwezi. Kiinua mgongo chako kiache benki, kwa sababu siku jenereta itakapoharibika macho yote yatamgeukia mstaafu. Uliza mapema kituo kitakutambua vipi, kwa kuwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeweka ithibati kwa wanahabari. Mimi nilianza kama mtaalamu mwalikwa, nikikaa kiti cha pili pembeni ya mtangazaji mwenye sifa. Kabla ya hapo nilikaa chumba cha fundi mwezi mzima bila kusema neno, na kama kuna jambo moja ningewashauri mliige ni hilo. Bosi wako atakuwa kijana. Wangu ananiamkia vizuri sana, kisha anakata dakika sita za maneno yangu kabla ya marudio ya Jumamosi.

Jumanne ijayo tuna wapwa wawili na mtoto wa marehemu, wamekubali kukaa meza moja. Maiki ni tatu, kwa hiyo mimi na mpwa mdogo tutachangia. Namba ya kubipu ni ile ile. Na tukikupigia, punguza kwanza sauti ya redio yako.