Fiziotherapia ya nyumbani si kukandwa tu
Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mwaka nenda mwaka rudi: mgonjwa wa kiharusi akandwe na apumzike, na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anayekuja nyumbani "kumsimamisha-simamisha tu" anakula hela ya bure.

Si kweli. Baada ya kiharusi, ubongo hujifunza upya kwa kurudia kitendo chenyewe: kuketi, kusimama, kushika kikombe. Ndiyo maana ziara ya kwanza huwa ya kupima na kuuliza maswali, zinazofuata ni mazoezi, na familia huachiwa kazi ya kurudia kila siku. Mgonjwa akiimarika, ziara hupunguzwa. Hapo hajatelekezwa.

Mkanganyiko unaeleweka. Kukandwa huleta nafuu papo hapo, na wengi wetu tulikandwa na bibi kwa maji ya moto. Lakini mkono uliopooza huenda hauhisi joto, ukaungua bila mwenyewe kujua. Kumvuta mgonjwa kwa mkono huo ili asimame nako kunaweza kumuumiza bega.

Ukitaka kuhakiki, muulize mtaalamu namba yake ya usajili na lengo la wiki hii. Kwa anayeweza kusimama, hesabu, ukiwa kando yake: ndani ya sekunde 30 anainuka kitini mara ngapi? Andika, kisha rudia baada ya wiki chache.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Muulize kwanza anayemtibu mgonjwa wako.