Maji ya batiki yakiwa meupe, rangi imekwenda wapi?

Fundi batiki wa Bagamoyo akichovya kitambaa kwenye indigo, hukitoa kikiwa na umanjano wa kijani. Akishakianika, upepo wa pwani unakipiga na buluu inajitokeza huku anaitazama. Kostiki na haidrosulfaiti, kemikali zilizomo kwenye maji hayo ya indigo, ziliificha rangi, oksijeni ya hewani ikaifichua.

Kwa hiyo maji ya ndoo yakiwa meupe, usifanye haraka kuyamwaga kuelekea kwenye mikoko. Zaidi ya nusu ya rangi za viwandani ni za jamii ya azo: atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana katikati, na pembeni pete za kaboni, yaani atomu zilizoungana kwa duara. Bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa wanaweza kuukata mshikano huo. Weusi au wekundu unapotea, lakini pete zinabaki kama kemikali ziitwazo amini, na baadhi yake, mfano benzidini, huleta saratani. Lazima pete zenyewe zivunjwe.

Dawa ya madoa yenye klorini hufuta rangi upesi. Mimi siipendi: klorini hujibandika kwenye mabaki na kuzaa sumu nyingine, na ikikutana na tindikali hutoa gesi inayoua. Ozoni ni nzuri, ila mashine yake inakula umeme.

Kwa karakana ya ushirika ningechagua njia ya Henry Fenton, mkemia Mwingereza. Mwaka 1894 alieleza jinsi chumvi kidogo ya chuma na haidrojeni peroksaidi zinavyoishambulia tindikali ya tartariki, hiyohiyo inayoupa ukwaju ukali wake. Chuma huipasua peroksaidi, na hapo huzaliwa radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli chenye ukali mno. Haiishi hata sehemu ya milioni ya sekunde, lakini hung'ata chochote kilicho jirani, pete zikiwemo.

Kazi hii ina masharti. Nta ichujwe kwanza, la sivyo itaila dawa bure. Maji ya batiki huwa na magadi mengi, nayo dawa hufanya kazi vizuri pH, kipimo cha ukali wa tindikali, ikiwa karibu 3, hivyo hutiwa tindikali kwanza, na mwisho chokaa. Chuma hutuama kama tope la rangi ya kutu. Hilo nalo halimwagwi ufukweni. Si kazi ya kujaribia jikoni.

Mkija maabara kupima kama pete zimevunjika kweli, leteni chupa mbili, ya maji ya kabla ya dawa na ya baada, hata kama ya pili inang'aa kama ya mvua.