Eti nikukimbizie wimbo

Jumatano mchana kijana mmoja aliingia studio kwangu na flashi mkononi, hata kukaa hakukaa. "Braza, humu kuna ngoma yangu ya bongo fleva, nikimbizie iwe singeli. Si unabonyeza tu?" Singeli ni ule muziki wa mbio wa uswahilini Dar es Salaam, na kukimbiza ni kuongeza spidi. Halafu, kwa kuwa kazi yenyewe ni kubonyeza tu, akaomba anilipe elfu tano.

Huyo ni wa tatu tangu mwezi uanze. Kabla yake kulikuwa na mshereheshaji wa harusi aliyetangaza ukumbi mzima kwamba "sasa DJ anatuwekea zile nyimbo za kukimbizwa", na shemeji yangu ambaye kila akisikia singeli huuliza kama redio imeharibika. Shemeji nimemsamehe, ana umri wake. Ila mtu anayetaka kuimba singeli, na anayeitaka pesa ya singeli, huku anaamini singeli ni bongo fleva inayokimbilia daladala, huyo lazima tuongee.

Tuanze na hiyo flashi. Wimbo wake uko tempo 105, yaani mapigo 105 kwa dakika. Singeli tuliyoizoea uswahilini inaanzia kama 200 na kupanda, na zipo zinazogusa 300. Nikamwekea 210, mara mbili kamili, asikie mwenyewe. Ukiongeza spidi kama mkanda wa kaseti, sauti inapanda pamoja nayo: spidi mara mbili ni oktava nzima, vibonye 12 vya kinanda. Akasikia sauti yake imekuwa ya katuni, akacheka. Nikamwambia asicheke bado, asikilize chini. Kiki yake (ile ngoma nzito ya chini, siyo ile ya kutafutia wafuasi Instagram) ilikuwa inapiga kwenye hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, pale ambapo tumbo linasikia kuliko sikio. Sasa iko 100. Imeacha kusukuma kifua, inagonga kama mgeni anayebisha hodi kwenye bati.

"Basi zuia sauti isipande," akasema, akidhani kanibana. Programu nyingi za muziki zinaweza hilo. Lakini ili kubana muda bila kupandisha sauti, kompyuta inaukatakata wimbo vipande vidogo, vingine inavitupa, vingine inavilaza juu ya vingine. Sauti ndefu kama ya kinanda inavumilia. Ngoma haivumilii. Utamu wa ngoma uko pale mwanzo kabisa wa pigo, lile kofi, na kofi ndilo linaloharibika kwanza. Unabaki na wimbo unaokimbia na soksi miguuni.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza kichwa kila siku, nivumilie. Chukua tempo 240. Dakika ina sekunde 60, kwa hiyo kutoka pigo hadi pigo ni robo sekunde. Robo! Kiki ya amapiano, ule muziki wa Afrika Kusini, au ya bongo fleva inaruhusiwa kuwa na mkia, yaani mlio unaobaki baada ya pigo, besi inaruhusiwa kujinyoosha, kuna nafasi ya kutosha hapo kati. Kwenye 240 mkia wa kiki ya kwanza unaikuta kiki ya pili mlangoni, zinasukumana, na spika za kukodi zinaanza kulia kama mbuzi. Ndiyo maana kiki ya singeli unaikata mapema, mimi huiacha chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ila ukiikata hivyo kwenye hezi 50 sikio linapata mawimbi manne au matano tu, halijui hata ni noti gani. Basi unaipandisha kidogo, mimi huwa naishia kwenye 70 hivi, na hapo unaanza kugombana na besi. Mwangwi ndiyo usahau kabisa. Mwangwi wa sekunde moja, ambao kwenye wimbo wa mapenzi ni mapambo tu, huku unafunika mapigo manne. Huo ni uji.

Na kuna zile sahani ndogo za juu zinazochakacha. Ukizipiga nne kwa kila pigo, kwenye 240 zinakuja 16 kwa sekunde. Kwenye 300 zinakuja 20 kwa sekunde, na hapo kuna mpaka wa ajabu: karibu na 20 kwa sekunde sikio la binadamu linaacha kuhesabu mapigo, linaanza kusikia mvumo. Mdundo unageuka sauti. Mara ya kwanza kukutana na hilo nilidhani waya umekatika, nikabadilisha waya mbili. Siku hizi nautafuta mpaka huo kwa makusudi, napita juu yake nusu dakika halafu narudi, na watu wanapiga kelele pale ninaporudi, wala hawajui ni kwa nini.

Kwa hiyo hapana, mdogo wangu, sibonyezi tu.

Halafu kuna MC, mtu wa maiki anayechana juu ya biti. Watu wanadhani MC wa singeli anachana kwa spidi ya biti. Jaribu. Kwenye 240, silabi mbili kwa kila pigo ni silabi nane kwa sekunde, na hapo tayari unatema mate. Silabi nne kwa pigo ni 16, na ulimi wa hivyo sijauona bado. MC mzuri anahesabu 120. Biti inakimbia chini yake, yeye anatembea juu yake, na wachezaji vilevile: angalia miguu iko mbio lakini mabega na kiuno vinafuata nusu. Singeli ni nyimbo mbili zinazoendelea kwa wakati mmoja, mmoja wa haraka na mmoja wa mwendo wa kawaida, na ukiukimbiza wimbo wa kawaida unapata mmoja tu. Pia nina imani, na hii ni imani yangu tu, kwamba Kiswahili kimetubeba sana hapa. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo MC anajua mapema neno litatua wapi. Anaweza kuliacha liangukie kwenye sneya, ile ngoma ya mlio mkali, bila kuligusa.

Haya, sasa niungame, kwa sababu yule kijana hakuutoa upuuzi wake hewani.

Singeli ilianza kwa kukimbiza. Ndiyo. Kwenye vigodoro, zile sherehe za mitaani za usiku kucha, vya Manzese, Tandale na mitaa jirani ya Dar es Salaam, miaka ya 2000, DJ alichukua taarab ya kisasa, akatafuta ile sehemu ya mwishoni ambako waimbaji wamemaliza na vinanda vinajichezea wenyewe, akaizungusha, akaiongeza spidi, na mtu akashika maiki akaanza kuwataja waliopo. Nyuma ya hapo kulikuwa na mchiriku, wengine wakiuita mnanda: kinanda kidogo cha Casio kwenye spika iliyochoka, ngoma na kelele, vijana kama wale wa Jagwa Music waliokuwa wakikesha hivyo tangu miaka ya 1990. Na nyuma ya mchiriku kuna segere na mdundiko za Wazaramo, ambazo hazikuwahi kuhitaji umeme ili ziende kasi. Ukiniuliza mchiriku uliishia siku gani na singeli ikaanzia wapi, nitakupa jibu refu lenye kujiamini, na kesho nitakupa lingine.

Ila yule DJ alikuwa anakimbiza kipande. Kipande! Sekunde chache, zikizunguka bila kufika popote. Taarab inakuahidi kwamba sasa wimbo unakwenda kutua, yeye anaurudisha kabla haujatua, mara mia. Hiyo kiu isiyokatwa ndiyo singeli. Wimbo mzima wenye ubeti, kiitikio na mwisho wake, hata ukiukimbiza hadi 400, bado unatua. Umetua haraka tu.

Sasa tukifika kwenye spidi yenyewe, hapo ndipo watu wanapokunjiana ngumi, na mimi sina usingizi mzuri.

Nilipoanza kazi hii, singeli ilikuwa muziki wa wahuni. Hilo ndilo neno lililotumika. Vigodoro vilikuwa vikipigwa marufuku, mama yangu aliwaambia majirani kwamba natengeneza kompyuta. Halafu redio ikaingia, EFM wakaipigia debe kweli kweli, na kufikia 2016 Man Fongo alikuwa anasikika hadi mikoani, Msaga Sumu tayari anaitwa mfalme, Sholo Mwamba yuko jukwaani na Dulla Makabila anakuja. Ikaingia harusini. Ikaingia kwenye kampeni za siasa, na waliokuwa wakituita wahuni wakaanza kutuomba tuwatungie. Baadaye wakubwa wa bongo fleva nao wakaionja. Na kila ilipopanda ngazi moja, tempo ilishuka kidogo, matusi yakapungua, kiitikio kikaongezeka, hadithi za mapenzi zikaingia.

Upande mmoja sasa unasema hiyo ya redioni ni bongo fleva iliyoazima fulana ya singeli. Upande mwingine unasema ile ya zamani ni kelele, na kwamba bila kupunguza tusingetoka Manzese. Vijana wa chini kabisa wanakuambia zote mbili zimepitwa, weka amapiano. Nimewasikia wote watatu katika usiku mmoja, kwenye sherehe moja.

Na kuna upande wa nne, ambao hauko hapa kabisa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati, na Ulaya wakazisikia. Sasa kuna mashabiki huko wanaotaka singeli kali kuliko tuipendavyo sisi, biti tupu, bila mtu kuongea. Kwao hiyo ndiyo halisi. Wanailinganisha na gabba ya Uholanzi, muziki wa miaka ya 1990 ambao nao unakimbia na kugonga. Nimeusikiliza. Kiki yake imechubuliwa kwa makusudi hadi ikawa ndiyo wimbo wenyewe, na inapiga mbele moja kwa moja kama askari wa gwaride. Yetu inayumba. Imebeba ngoma za Kizaramo mgongoni, mapigo matatu yanagombana na mawili, na asiyejua anadhani ni spidi tu inayomtikisa. Kwa hiyo shabiki wa mbali na kijana wa flashi wameshika kosa moja kwa ncha mbili: mmoja anaipenda kwa sababu tu inakimbia, mwingine anadhani kukimbiza kunatosha kuitengeneza.

Lakini siwezi kuwatukana hao wa biti tupu, kwa sababu wamewalipa wenzangu nauli za ndege wakati hapa tulikuwa tunalipwa soda. Na kusema kweli kuna usiku nikiwa peke yangu nazima sauti ya MC na kusikiliza biti yangu yenyewe, na naipenda zaidi. MC wangu asisome hapa.

Shaka yangu kubwa ni hii. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba spidi siyo kitu, kitu ni ule mzunguko usiotua na mtu anayeongea na watu walio mbele yake. Nikaamua kujijaribu. Nikachukua biti yangu ya 230, ambayo watu wanaijua, nikaijenga upya kwenye 165, kila kitu kimekaa sawa, kiki imepewa mkia wake, MC yuleyule. Kwa maneno yangu mwenyewe hiyo ilipaswa kuwa singeli. Nikaipiga kwenye harusi. Watu wazima walicheza, tena vizuri, wakina shangazi walitoka vitini. Vijana walisimama pembeni wakiniangalia kama niliyewauzia juisi ya maji. Mimi mwenyewe nyuma ya mashine nilihisi kuna kitu kimetoka. Ile hali ya mwili kujaribu kuikamata biti na kushindwa, ikabidi ikubali nusu, haikuwepo. Kwenye 165 mwili unaikamata. Kwa hiyo pengine spidi ni kitu, na mimi ndiye niliyekuwa nabishana kwa sababu tu wanaoisema spidi wananiudhi.

Sijafuta kauli yangu. Nimeiwekea alama ya penseli.

Kuhusu kijana wa flashi: nilikataa elfu tano, nikamwambia aniachie wimbo hadi Jumamosi. Nimeutupa karibu wote. Ngoma zimeondoka, ubeti umeondoka, kiitikio alichokipenda sana kimeondoka. Katikati, ambapo nadhani alijisahau, mpiga kinanda wake alirudiarudia noti nne kabla ya kurudi kwenye kiitikio, sekunde tatu hivi. Hizo nimezichukua, nikazikata kabla hazijatua, nikaziweka 224 na ngoma mpya chini yake. Sauti nimeiacha ipande, kwa sababu kinanda cha katuni kina raha yake. Anatakiwa aje aandike mistari mipya na aiseme kwa mwendo wa kutembea.

Jana usiku nilimtumia kipande asikilize. Amejibu: "Braza kali sana, ila mbona hujaikimbiza nyimbo yangu?"