Kabla hujaisemea Uturuki: ninavyoutafuta msimamo wa nchi

Wanafunzi wa Kigoma wakipangiwa kamati ya wakimbizi kwenye mkutano wa kuigiza wa Umoja wa Mataifa, ambako kila mwanafunzi huisemea nchi aliyopangiwa, wenzao wa mikoa mingine huwaogopa, na wana haki. Kijana aliyekulia Kasulu au Kibondo hahitaji kitabu kumweleza kambi ni nini. Nyarugusu ipo tangu 1996, kabla yeye hajazaliwa. Shida huanza akishakabidhiwa kibao chenye jina la nchi. Kibao kimeandikwa Uturuki, lakini anayesema ni mtoto wa Kasulu.

Mimi huwanoa wanafunzi wa sekondari na vyuo hapa mwisho wa reli kwa ajili ya mikutano hii. Hotuba hazinisumbui, maana vijana wetu wanajua kusema. Kinachokula muda ni kuutafuta msimamo wa nchi, tena msimamo wenyewe, si ule ambao mwanafunzi angependa nchi hiyo iwe nao.

Tuikamate hiyo Uturuki. Waraka wa kwanza wa msimamo wa nchi ninaoletewa karibu kila mara una sentensi ya namna hii: "Uturuki, ikiwa mwanachama wa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, inawatambua wakimbizi wote bila kujali wanakotoka." Kiswahili safi, na sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili si kweli kabisa. Mkataba ule ulipoandikwa uliwahusu watu waliokimbia kwa sababu ya matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na kila nchi iliruhusiwa kuchagua: matukio ya Ulaya peke yake, au ya Ulaya na kwingineko. Uturuki ilichagua Ulaya. Itifaki ya 1967, nyongeza ya mkataba huo, ikaja kuondoa kikomo cha tarehe na cha mahali, ila nchi zilizokwisha kuchagua Ulaya ziliruhusiwa kubaki na chaguo lao. Uturuki ikabaki nalo, na inalo mpaka leo.

Sasa angalia linavyofanya kazi. Nchi hiyo hiyo ilifikia kuhifadhi Wasyria zaidi ya milioni 3.5, na kwa miaka kadhaa hakuna nchi duniani iliyohifadhi wakimbizi wengi kuizidi. Lakini kisheria Wasyria hao walipewa ulinzi wa muda, si hadhi ya mkimbizi, chini ya kanuni ya 2014. Mwafghanistani naye huangukia fungu jingine: anaruhusiwa kukaa kwa masharti huku akingoja nchi ya tatu imchukue. Kwa hiyo mjumbe wa Uturuki ana mambo mawili ambayo kwa haraka yanaonekana kupingana. Anaweza kusimama kifua mbele na kuwauliza Wazungu wamepokea wangapi. Wakati huohuo, rasimu ya azimio ikija na kifungu kinachozitaka nchi zote ziondoe mipaka ya kijiografia, yeye ndiye wa kwanza kunyoosha kibao kupinga. Ukilijua hilo una silaha. Usipolijua, mjumbe wa Ugiriki aliyesoma atakumaliza mbele ya kamati nzima.

Hili halipatikani kwenye hotuba za viongozi. Linapatikana kwenye tovuti ya Umoja wa Mataifa inayotunza mikataba. Fungua mkataba, shuka chini kupita orodha ya nchi na tarehe zake, utakuta masharti ambayo kila nchi iliyaweka ilipojiunga. Wengi huishia kwenye orodha. Na orodha nayo ina mafunzo: Jordan, Lebanon na Bangladesh, ambazo zimebeba wakimbizi wengi mno, hazimo kabisa kwenye mkataba wa 1951. Kwetu Kigoma hili huwashangaza watu, kwa sababu tumezoea kuona kambi na mkataba vikienda pamoja.

Baada ya mikataba ndipo ninapowaruhusu kwenda kwenye hotuba, na hapo nawaelekeza Geneva. Kila Oktoba Kamati Tendaji ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, hukutana huko na wajumbe husema mambo ya kazi: fedha, urejeshaji, nani hajatoa ahadi yake. Hotuba za marais za Septemba pale New York zina mapambo mengi. Zisome, lakini usijenge nyumba juu yake. Kwa Uturuki ongeza makubaliano yake na Umoja wa Ulaya ya Machi 2016 kuhusu wahamiaji, yenye ahadi ya Ulaya kutoa yuro bilioni 3 na nyingine 3 juu yake. Angalia pia kilichobadilika tangu serikali ya Assad ilipoanguka Desemba 2024 na watu kuanza kurudi Syria, kwani waraka unaosimulia mambo ya 2016 peke yake umeshapitwa.

Anayepewa Tanzania hudhani amepata mteremko. Ataandika Nyerere, medali ya Nansen ya 1983 (tuzo ya UNHCR kwa waliosaidia wakimbizi) na milango wazi, kisha aweke nukta. Yote kweli, lakini ni nusu ya habari. Iko Sheria ya Wakimbizi ya 1998, inayomtaka mkimbizi akae eneo lililotengwa na apate kibali akitaka kutoka. Uko uraia waliopewa Warundi wa kundi lililokimbia mwaka 1972, wapatao 162,000, mwaka 2014, jambo ambalo nchi chache sana zimewahi kulifanya. Halafu, Januari 2018, serikali hiyohiyo ikajitoa kwenye mpango wa pamoja wa kuwahudumia wakimbizi uliotokana na Azimio la New York la 2016, ikitaja usalama na fedha. Mjumbe wa Tanzania lazima aweze kuyasema hayo yote kwa pumzi moja bila kuona aibu. Mkimpambanisha na Uganda, ambayo sheria yake ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, ndipo mjadala unapokolea.

Kura nazo zina hila. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu lilipopigia kura vita vya Ukraine, nchi 141 zilikubali, 5 zilikataa na 35 zilijizuia. Tazama nchi nne zinazogusa ziwa letu la Tanganyika: Kongo (DRC) na Zambia zilikubali, Tanzania na Burundi zilijizuia. Ukipanga marafiki wako kwa kuangalia ramani umeshapotea. Kumbuka pia kwamba maazimio mengi hupita bila kupigiwa kura, hivyo hutakuta idadi yoyote. Hapo tafuta nani alidhamini rasimu, na maelezo yanayotolewa na wajumbe kabla au baada ya kupitishwa.

Neno kuhusu akili mnemba, kwa sababu bando ni ghali na kila mtu anatafuta njia ya mkato. Inasaidia kufupisha. Lakini hubuni maazimio kwa uso mkavu, nambari na tarehe juu. Jifunze kusoma alama zenyewe: A/RES/73/151 ni azimio la Baraza Kuu, kikao cha 73, la 151, ndilo lililoidhinisha Mapatano ya Kimataifa kuhusu Wakimbizi (Global Compact on Refugees) mwaka 2018. Likiwapo, maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa italitoa. Isipolitoa, lifute.

Kuna wakati hupati kitu. Tuliwahi kuchagua uvuvi wa Ziwa Tanganyika kuwa mada ya mazoezi, nikidhani itakuwa rahisi kwa watu waliolelewa na migebuka na dagaa. Hakuna rais aliyehutubia New York kuhusu dagaa. Upo mkataba wa nchi nne uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, na ipo Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Upo pia usitishaji wa uvuvi, ambao upande wetu mwaka 2024 ulianza 15 Mei hadi 15 Agosti. Zaidi ya hapo unakadiria kutokana na masilahi. Kongo ina takriban asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8, Zambia 6. Aliyekalia kiti cha Burundi ajiulize: nchi yenye kipande kidogo hivyo, isiyo na bahari, na mji wake mkubwa uko ufukweni, itakubali kufunga ziwa kwa masharti gani? Itataka wote wafunge siku moja. Itauliza wavuvi watakula nini.

Hayo ni makadirio, na kwenye daftari lake ayaandike kwa penseli, yale yaliyokwisha kusemwa na nchi ayaandike kwa kalamu. Mjumbe wa Kongo akimuuliza "hilo limesemwa wapi?", ajue papo hapo yuko kwenye mstari gani.