Sarafu ya Shaba Iliyopigwa kwa Fedha: Jinsi ya Kuitambua

Wakazi wa Dar es Salaam hutuletea makumbusho pesa za Mjerumani walizoachiwa na wazee wao: zile za 1890 hadi 1892, upande mmoja tai wa dola, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Zilikuwa za shaba nyekundu, na 64 zilitimiza rupia moja. Mara nyingine huja inayong'aa nyeupe, na mwenyewe ameshaambiwa kuwa ni ya fedha, tena adimu.

Tusimbeze. Sarafu za muundo wa shaba zilizopigwa kwa fedha, yaani zilizo za fedha yenyewe badala ya shaba, zipo kweli, ingawa mifano mizuri zaidi haikutoka kwa Mjerumani. Karibu na Birmingham, Uingereza, Matthew Boulton alijenga kiwanda cha Soho kilichofua sarafu kwa mashine za mvuke. Mwaka 1791 kilifua za shaba za Bombay, kwa ajili ya Kampuni ya India Mashariki, zikiwa na mizani na neno "adil", yaani mwadilifu. (Mizani ileile ilikuja kuonekana kwenye pesa za Sayyid Barghash wa Zanzibar, za mwaka 1299 Hijria.) Za matumizi zilisafirishwa kwa shehena. Ila kwa baadhi ya sarafu zake, Soho ilipiga pia chache za fedha, au za shaba iliyochovywa dhahabu, zikawa zawadi kwa wakubwa na wakusanyaji.

Sarafu ya zawadi hupigwa kwa uangalifu wa pekee: chapa, yaani chuma kilichochongwa kinachogonga picha juu ya sarafu, husuguliwa hadi uwanja wa sarafu (sehemu bapa isiyo na picha) uwe kama kioo, na herufi na kingo hutoka kali. Haikwenda sokoni, kwa hiyo iliyolika kwa mikono ya watu inatia shaka tangu mwanzo. Hata iliyo safi haijamaliza maswali. Soho ilipofungwa katikati ya karne ya 19, chapa nyingi zilinunuliwa na William Joseph Taylor, naye akazitumia kupigia nyingine mpya.

Nyingi tunazoletewa ni fedha ya kuchovya tu. Tazama ukingo na sehemu zilizoinuka. Wekundu wa shaba huchomoza hapo kwanza. Kisha ipime. Fedha ni nzito kuliko shaba: sarafu ya shaba ya gramu 9, ikipigwa kwa fedha kwa ukubwa na unene uleule, hufika gramu 10 na nusu hivi. Ya kuchovya hubaki karibu na uzito wake wa awali. Mizani ya sonara yeyote wa Kariakoo inatosha kuonyesha tofauti hiyo, na haihitaji kukwaruza wala tindikali.

Nakusihi, usiisugue kwa limau, majivu wala dawa ya meno. Ule weusi juu ya fedha ya kale hautuzuii kuisoma; mikwaruzo ndiyo hufuta alama za chapa tunazozitafuta. Ifunge kwenye karatasi safi, uandike ilitoka kwa nani na ilikaa wapi, uilete ilivyo.