Roboti kupitisha testi si ushahidi kwamba testi inapima kitu

"Roboti imeshapitisha, unganisha tu." Nimeambiwa tena wiki hii, na safari hii sinyamazi. Roboti ninayoisema ni programu inayokagua msimbo, yaani maandishi ya programu, kabla ya mtu kuuunganisha na ule uliopo; testi ni msimbo mfupi unaoupima mwingine.

Mchango wenyewe ni testi ya mistari michache kwenye programu inayowaonyesha abiria wa boti za Mokowe na Lamu saa ya kuondoka, kwa hesabu yetu ya saa. Fomula inachukua saa ya mfumo wa 24, inatoa 6, kisha inarudisha baki ya kugawanya kwa 12. Testi inaipa 7, inatarajia 1. Inaipa 13, inatarajia 7. Zimepita zote. Roboti ikapendekeza jina zuri zaidi la kigeu (jina linaloshika thamani), ikaondoa nafasi zilizozidi, ikaripoti kuwa asilimia 100 ya mistari imepitiwa. Tiki ya kijani.

Haya, ipe 18. Ukitoa 6 unabaki na 12, na 12 kwa 12 haibakizi kitu. Abiria anasoma "saa sifuri jioni"! Mtoto wa chuoni hapa Lamu anajua kuwa hiyo ni saa kumi na mbili. Ukiipa 6, kosa ni lile lile.

Hiyo asilimia 100 ndiyo inayonikera. Inahesabu mistari iliyoendeshwa, haihesabu kilichothibitishwa. Fomula yetu ni mstari mmoja, kwa hiyo ukiiita mara moja kwa namba yoyote umeshamaliza. Futa matarajio yote uache wito mtupu, asilimia haitashuka hata chembe.

Njia ya kuijaribu testi yenyewe ipo, na Richard Lipton, mwanasayansi wa kompyuta, aliipendekeza tangu 1971: uharibu msimbo makusudi, uone kama testi italalamika. Nikabadilisha 12 ikawa 24. Testi ikapita. Nikaondoa ugawanyaji wote, ikabaki kutoa 6 tu. Ikapita tena! Sasa jamani, hii inalinda nini?

Na 5 je? Kwenye lugha ya programu ya Python, baki ya -1 kwa 12 ni 11, saa kumi na moja alfajiri, sawa kabisa. Ihamishie fomula hiyo hiyo kwenye JavaScript, lugha nyingine, utapata -1.

Sisemi roboti iondolewe. Inakamata nywila zilizosahaulika kwenye msimbo, na hilo pekee linatosha kuiweka. Hizi mpya zinazotumia akili mnemba wakati mwingine hutaja hata namba za mpakani, kama 6 na 18. Wakati mwingine huandika testi inayonakili fomula ile ile upande wa matarajio, fomula na testi zikakosea pamoja na kupita pamoja.

Nisichokuwa na uhakika nacho ni kiasi cha kumdai mtu anayechangia kwa mara ya kwanza. Ukimrudisha mara nyingi, hukata tamaa akaondoka. Kwa huyu aliyeleta testi hii nimeomba namba nne tu: 0, 5, 6 na 18. Mbili kati ya hizo zitaanguka, na fomula itabidi irekebishwe kwanza ndipo niunganishe.